Waliotandika Kitanda Chetu

Bang Phli,
wiki moja kabla ya Songkran, sikukuu ya maji ya mwaka mpya

Kwako Mama mpendwa,

Nakuinamia kutoka huku niliko, viganja vimekutana kifuani na kichwa kiko chini, kama ulivyonifundisha kabla sijajua kuvaa suruali peke yangu. Goti lako la kushoto linasemaje? Mdogo wangu Waen ameniambia kwamba moshi wa mashamba umeshuka mpaka huko nyumbani Laplae mwaka huu na kwamba unakohoa kila asubuhi. Tafadhali usipande kilimani mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Miti yako ya durian haitakukimbia. Na yule kuku mwekundu, bado anatagia ndani ya kofia yako ya shamba, au umeshamnyang'anya? Sisi huku kando ya Bangkok hatujambo. Mimi mzima, mke wangu Prang mzima, hata kiyoyozi chetu ni kizima, maana fundi wake anakula na kulala humo humo.

Naandika kwa sababu simu zangu huzipokei. Sikulaumu. Nimemwomba Waen akupe bahasha hii mkononi bila kuifungua, na najua atatii kwa sababu nimemtisha. Vaa miwani, kaa kwenye kiti chenye mgongo, soma polepole mpaka mwisho. Ukiishia katikati utanichukia zaidi ya unavyonichukia sasa.

Kwanza niache nikueleze furaha yangu, maana nisipoitoa itapasua bahasha.

Mama, sikujua kwamba mtu anaweza kuamka huku anacheka. Naingia bafuni nakuta Prang ameondoka alfajiri kwenda kuhudumia abiria wake wa ndege na kuniachia mchoro kwenye kioo, kwa rangi yake ya mdomo: uso wa mtu mwenye nywele zilizosimama kama ufagio, na mtu huyo ni mimi. Siufuti. Nanyoa ndevu nikiwa nimejipinda pembeni ili nisiuharibu. Anaporudi namsikia kabla sijamwona, kwa magurudumu ya sanduku lake kwenye vigae vya ukumbi, na moyo unanidunda kama wa mwanafunzi, mimi mtu mzima mwenye mvi tatu. Namvua viatu mwenyewe. Miguu yake huvimba kama maandazi kwa kusimama, na kidole chake kidogo kina sugu ngumu kuliko za mikono yangu. Naitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi na maganda ya ndimu, naye anafumba macho na kuniambia kwamba ndege zote hutua kwenye lami, yeye peke yake ndiye anayetua kwenye beseni. Najua utasema haya si mambo ya kumwandikia mama. Lakini baba alipokuwa hai alikuwa akikung'oa mvi pale mlangoni, majirani wakiona, kwa hiyo unajua nilikoyarithi.

Sijawahi kukusimulia vizuri tulivyokutana. Niliitwa kutengeneza kiyoyozi katika nyumba aliyopanga na wenzake wa kazini. Alikuwa ametoka safari, bado amevaa sare, akanishikia ngazi bila kuombwa. Ghafla akanivuta suruali na kuniambia nishuke, kwamba waya unaungua. Mimi sikusikia harufu yoyote. Kabla sijamaliza kubisha, moshi ulishatoka, na yeye alikuwa amekwisha kuzima swichi kubwa na kuchukua mtungi wa kuzimia moto nyuma ya mlango. Alinipulizia ule unga mweupe mimi na kiyoyozi pamoja. Kisha akanikaripia, fundi mzima, kwa nini nimepanda juu bila kukata umeme. Nilisimama pale mweupe kama kitumbua kilichoviringishwa kwenye nazi, na hapo hapo nikajua kwamba nitamwoa.

Sasa nikueleze kinachonitia kinyaa, maana furaha yangu na kinyaa changu vinakaa nyumba moja siku hizi.

Chini ya jengo letu kuna mama mmoja aitwaye Je Muai, anayeuza tambi za bata. Kila ninapokwenda kula anapaza sauti mbele ya wateja na kuniuliza leo mke wangu amelala nchi gani, na nani amemfunga mkanda. Wanaume wanacheka mpaka mchuzi unawatoka puani. Mke wa mwenye nyumba alitaka kujua kama Prang anaweza kupika kweli au anaweza tu kupasha moto. Mteja mmoja, msomi mwenye maktaba ndani ya nyumba, nilipomwambia kazi ya mke wangu alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akaniuliza kwa upole kabisa namna gani nagawana naye na marubani. Mwingine aliona fahari kunipongeza: alisema nimeokota ua zuri, nisitegemee tu kwamba lina akili. Na wale wasiotukana wanaomba manukato na chokoleti, wakiamini anaziokota bure huko angani. Mama, wanamzungumzia mke wangu huku nikiwa nimeshika kijiko, kama watu wanaobonyeza mapapai sokoni. Siku nyingi nafunga mkate nyumbani na kula kwenye gari.

Prang mwenyewe hapendi kusimulia. Mpaka miguu iwe kwenye maji ndipo maneno hutoka. Yupo abiria aliyemwekea nepi ya mtoto iliyojaa kwenye kiganja bila hata kumtazama usoni. Yupo anayemchoma kidole kiunoni akitaka maji, na anayepiga makofi kama anamwita mbwa. Yupo aliyempiga picha miguu wakati anaonyesha milango ya dharura, na ndege ilipotikisika ndiye huyo huyo aliyelia akiuliza milango iko wapi. Safari moja alipiga magoti kati ya viti, akikisukuma kifua cha mzee aliyezimia, akakisukuma mpaka ndege ikatua na mzee akapumua. Aliposimama, soksi zimepasuka na magoti yanatoka damu, mtu wa kiti cha nyuma alimuuliza kama wali wa kuku umekwisha. Yeye husimulia hayo akicheka. Mimi nashika kile kiguu kwenye beseni na kuongeza maji ya moto.

Lakini hao ni watu baki. Mtu baki akinuka, unahama kiti.

Unakumbuka nilipomleta Laplae kipindi cha baridi, aje kuwaamkia wazee. Unakumbuka chakula cha jioni nyumbani kwa dada yako, Mama Mkubwa Bunruean. Prang alikuwa amekaa mkekani, amekunja miguu vizuri, anawagawia wazee wali wa kunata kutoka kwenye kikapu. Baba Mkubwa Sawaeng, mumewe, mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayetoa hotuba kila harusi ya wilaya, aliweka kikombe chini na kusema kwa sauti ile ya darasani kwamba wasichana wa ndege ni kama taulo za hoteli: nyeupe, zimekunjwa vizuri, na kila mgeni ameshajifutia. Mkeka mzima ulicheka. Hata wewe ulifunika mdomo kwa mkono, Mama, nilikuona. Prang naye alitabasamu, kwa sababu amefundishwa kutabasamu moto ukiwaka. Mama Mkubwa peke yake hakucheka. Aliinuka na kwenda jikoni, akasema anafuata mchuzi, na mchuzi ulikuwa mbele yake.

Halafu tukafika kwenye harusi, na hapo ndipo uliponivua mapenzi yako.

Ni wewe uliyenifundisha tangu utotoni kwamba kitanda cha maharusi hakitandikwi na mtu yeyote tu. Hutandikwa na mke na mume waliokaa pamoja miaka mingi kwa amani na heri, nao hujilaza juu yake kwanza, ili heri yao ibaki kwenye godoro. Ni wewe uliyewachagua Mama Mkubwa na Baba Mkubwa. Ulikuwa umelitangaza Laplae nzima. Na mimi, mkesha wa harusi, nyumbani kwa akina Prang kule Phetchaburi, wakati mama mkwe wangu anapitisha sahani za kastadi, nilisimama mbele ya ukoo na kusema kwamba nimebadilisha: kitanda chetu kitatandikwa na Bi Rachani, mkuu wa Prang kazini, na mume wake Mzee Phong anayetengeneza cherehani.

Najua ilivyokuwa. Naiota. Mama Mkubwa alijifunika uso kwa mtandio na kulia mabega yakitikisika. Baba Mkubwa alingoja kilio kitulie, kisha akasema, kwa wale wa nyuma wasikie, kwamba kama kitanda cha mwari wa ndege kinatandikwa na bibi wa ndege, basi wasisahau kukifungia mikanda, maana kitakuwa na abiria wengi. Watu wakacheka tena. Nawe ukanijia karibu kabisa, ukaniambia maneno ambayo hukuyapaza:

"Dada yangu alinibeba mgongoni kwenda shule mama yetu alipokufa. Leo umemvua nguo mbele za watu kwa ajili ya mwanamke wa ndege. Usiniite tena mpaka umpigie magoti."

Sikukujibu. Nilikuwa nimefungwa mdomo, na utaona ni kwa nini.

Kesho yake ulitumwagia maji ya baraka mikononi huku umetazama ukuta, na kabla ya kitanda ukaondoka. Kwa hiyo hukuona, na inaniuma kwamba hukuona. Bi Rachani ana nywele nyeupe zilizofungwa kisogoni bila unywele mmoja kutoka nje. Alitandika shuka akakunja pembe kwa namna ambayo huwezi kuichomoa, akapita mkono mara moja na hakukuwa na mkunjo. Mzee Phong aliweka jiwe la kusagia, boga, ufuta na mchele, vitu vya heri, kila kimoja mahali pake, na paka wa mama mkwe, naye wa heri, alipoletwa akagoma kuondoka kwenye mto wa kulalia hata baada ya shughuli. Kisha wawili hao wakajilaza. Mzee Phong alisema kitanda kizuri hiki, asiye na usingizi atalala. Bi Rachani akamwambia asogee, kwamba kama kawaida amemwibia upande wake, naye mzee akasogea na kumshika kidole kimoja tu, cha mwisho, bila kujua kwamba tunamtazama. Prang aliniegemea begani na kulia. Nilifikiri, hawa ndio taulo za hoteli.

Sasa tumefika kwenye salamu zako ulizozituma kupitia kwa Waen. Kwamba Songkran hii tuje Laplae, na Prang apige magoti mbele ya Baba Mkubwa, amwagie maji ya maua viganjani, na aombe msamaha ukoo mzima ukisikia. Ama sivyo tusije kabisa, siku hiyo wala nyingine.

Mama, ajabu ni kwamba Prang alikubali. Sikukuu hii ndege zinajaa mpaka mlangoni na ruhusa haipatikani, lakini aliiomba akaipata, kwa kubadilishana zamu na nusu ya wenzake. Alikwisha kununua bakuli dogo la fedha na mafuta ya yasmini. Aliniambia kwamba amewahi kumwomba radhi abiria aliyemmwagia yeye supu, kwa hiyo magoti yake yanaijua njia. Alisema, kama ni hivyo tu ndivyo utakavyoniita mwanao tena, atakwenda. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Nilikuwa na hasira ya kuvunja ukuta.

Jibu langu ni hapana. Hatapiga magoti pale. Na sasa naomba ukae vizuri kwenye kiti chako.

Siku ya pili ya ziara ile ya kipindi cha baridi, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Mkubwa natengeneza jokofu lao. Mama Mkubwa alikuwa jikoni. Baba Mkubwa alikuwa barazani, akamwita Prang ampelekee chai. Prang alipoinama kuweka kikombe, mzee huyo, ambaye nilimwinamia kila asubuhi nikienda shule, alimshika paja. Hakuligusa kwa bahati mbaya, Mama. Alilishika na mkono ukapanda. Na akamwambia kwamba wao wa ndege wamezoea kuhudumia wageni wa kila taifa, hivyo mzee wa nyumbani atakosaje kuhudumiwa.

Prang hakupiga kelele. Alisimama wima, akasema kwa sauti ya kazini, ile inayofika mpaka kiti cha mwisho: "Baba Mkubwa, rudisha mkono wako mezani. Sitasema mara ya pili."

Nilisikia sauti hiyo nikiwa nyuma na nikadhani wanataniana. Aliniambia tulipokuwa kwenye treni ya kurudi, akaniomba nisifanye fujo kwa ajili ya Mama Mkubwa, ambaye alimpenda. Nilitaka kushuka kituo kinachofuata. Alinishika mkono mpaka nikatulia, na nikaahidi kwamba sitasema. Lakini nilijua kwamba mtu huyo hatalala kwenye kitanda chetu, nilichokuwa sijui ni namna gani nitamtoa bila kumuumiza dada yako. Nilikwenda Phetchaburi nikiwa bado sijui.

Aliyenionyesha namna ni Mama Mkubwa mwenyewe.

Mchana wa mkesha ule aliniita nyuma ya nyumba ya akina Prang, pale wanapochemshia sukari ya mvumo, penye moto na mvuke ambapo hakuna anayependa kusimama. Alianza kwa kunirekebisha kola kama nina miaka sita. Kisha akasema kwamba siku ile alikuwa jikoni na dirisha la jikoni linatazama barazani. Alisikia na aliona. Akasema si mara ya kwanza kuona. Walikuwapo walimu wasichana waliokuwa wakiletwa shuleni kwa mafunzo, alikuwapo mpishi, alikuwapo binti wa jirani aliyehamishwa ghafla kwa shangazi yake na hakuna aliyeuliza. Hao wote hawakuwa wa ndege, akasema. Kila mmoja alipewa jina lake la kuonyesha kwamba alistahili: huyu mjane, huyu maskini, huyu anacheka sana. Safari hii jina lilikuwa ndege.

Nilimwambia nitakwenda kumtoa meno mumewe sasa hivi. Akanishika mkono wa shati.

"Hapana, mwanangu. Mimi nataka kitu kimoja. Usinilaze kwenye kitanda chenu. Nimelala na mtu huyu tangu ujana wangu nikiwa nimegeukia ukuta. Nikijilaza pale nitawaachia nini? Simama mbele za watu useme umenikataa. Mimi nitalia, na usiyaogope hayo machozi. Ni ya kweli, ila si wewe uliyeyaleta."

Nilimuuliza kwa nini asikuambie wewe, mdogo wake. Alisema kwamba wewe umekua ukiamini kuna nyumba moja duniani yenye amani, na ni yake. Hakutaka kukuvunjia nyumba hiyo. Akaniapisha mbele ya ule moto. Ndiyo maana uliponijia na maneno yako, mdomo wangu ulikuwa umefungwa na dada yako mwenyewe, aliyekuwa amekaa hatua chache nyuma yako, analia ndani ya mtandio.

Utauliza kwa nini leo nimevunja kiapo. Sikukivunja. Amenifungua yeye, na bado sijakwambia lililo kubwa.

Baba Mkubwa ametangaza Laplae kwamba mkewe amevaa nguo nyeupe kama mtawa na kwenda kukaa hekaluni siku kadhaa kutuliza moyo kwa aibu niliyomfanyia. Waen anasema unampelekea chakula ulichopakua na watawa wanakipokea. Mwulize mtawa mkuu kama amemwona. Hajamwona, Mama. Mama Mkubwa hayuko hekaluni. Yuko hapa kwetu Bang Phli. Ninavyoandika hivi namsikia kupitia mlangoni, anakoroma kidogo, koromo la mtu asiyemwogopa mtu.

Ilikuwa hivi. Habari za salamu zako zilipomfikia Mama Mkubwa, alimkuta mumewe barazani na shati jipya la maua, amelinunua kwa ajili ya siku ya maji. Alikuwa amelivaa kulijaribu mbele ya kioo, akinyoosha viganja mbele kama vile ameshaanza kumwagiwa. Akamuuliza Mama Mkubwa kama rangi inampendeza. Mama Mkubwa akasema inampendeza. Akaingia ndani, akampigia simu Prang, si mimi, akamuuliza basi la Bangkok linapandwaje na mtu ambaye hataki kuonwa.

Prang alikuwa ametua tu. Alikwenda kituo cha mabasi cha Mo Chit hivyo hivyo na sare yake na sanduku lake, maana kupita nyumbani kungemchelewesha. Unaweza kufikiri mwenyewe walivyomsindikiza kwa midomo pale kituoni. Mpiga debe mmoja alimfuata akimuuliza kama rubani amemtupa ndiyo maana leo amekuja kupanda basi, na kama anataka dereva wa ardhini. Wakati huo huo Mama Mkubwa alikuwa anateremka ngazi za basi. Wewe unamjua dada yako, mtu anayeomba radhi akikanyagwa. Alisimama mbele ya kijana yule, kichwa chake kinamfika kifuani, akasema, "Huyu ni mkwe wangu. Rudisha macho yako mahali pake. Sitasema mara ya pili."

Prang alinisimulia akitetemeka kwa kicheko na machozi pamoja. Alisema hakujua kwamba maneno yake ya barazani yalikuwa yamehifadhiwa jikoni muda wote ule.

Hakuja na kitu, Mama. Mfuko mmoja mdogo, na mto wake wa kulalia, ameufunga kwa plastiki.

Tulimpa chumba chetu. Alikataa, akabisha, akasema kitanda cha maharusi si cha mtu kama yeye, alishakikimbia mara moja. Prang akamwambia kwamba kitanda kile kimetandikwa na Bi Rachani na heri yake ni nyingi, haiwezi kutumiwa na watu wawili tu ikaisha. Siku ya kwanza alilala ukingoni kabisa, amegeukia ukuta, nafasi yote imebaki wazi nyuma yake. Siku ya pili vivyo hivyo. Leo Prang amechungulia akaniita kwa kidole. Mama Mkubwa alikuwa amelala katikati, chali, mikono imetawanyika kama mtoto, jua limeshafika kwenye shuka na yeye bado. Prang amenikataza hata kuwasha birika. Sisi tunalala sebuleni kwenye mkeka, na ukitaka ukweli, hatujawahi kucheka kama tunavyocheka pale chini.

Amesema nikuandikie yote bila kuficha. Amesema, mdogo wangu asimpigishe magoti mtoto wa watu kwa jina langu. Amesema hatarudi kwenye nyumba ile, na kwamba anaogopa jambo moja tu, nalo si mumewe wala watu. Anaogopa kwamba utakasirika kwa kuwa alikudanganya miaka yote hii. Nilimwambia sikujui wewe ukimkasirikia dada yako. Alikuwa anavua foronya ya mto wake akaifue.

Kwa hiyo hatutakuja Laplae Songkran hii, Mama. Baba Mkubwa atavaa shati lake la maua na atamwagiwa maji na wanaomwamini. Mimi siwezi kuwazuia, ila usiwe mmoja wao. Bakuli la Prang lipo hapa juu ya jokofu, na mafuta yake ya yasmini. Ruhusa yake haijabatilishwa. Mikono ya kumwagiwa maji katika nyumba hii kwa sasa ni miwili tu, na Prang amesema hataanza kabla haijawa minne.

Je Muai bado ananiuliza mke wangu amelala nchi gani. Jana kwa mara ya kwanza nilimjibu. Nilimwambia amelala sakafuni, ili mzee wangu alale kitandani. Akaniongezea bata kwenye bakuli. Sikumla. Bado namwonea kinyaa. Lakini nimekuandikia ujue.

Msalimie Waen, mwambie nimemshukuru kwa kutofungua, na kama amefungua, afumbe mdomo. Wasalimie wa bustanini wote, na yule kuku mwekundu. Kunywa dawa ya kifua, ile chungu, si ile tamu. Prang anakuinamia mpaka chini na anauliza unapenda mchuzi wako uwe mkali kiasi gani, kwa sababu anajua kupika, Mama, waambie.

Mabasi ya kuja huku yako mengi wiki hii. Kuna mtu atakungoja Mo Chit, utamjua kwa sare. Njoo na mto wako. Kitanda kile ni kipana, mmewahi kulala wawili kwenye kidogo zaidi ya hicho, na dada yako ameshaanza kuacha nafasi upande wa dirishani.

Ni mimi mwanao, unipokee au usinipokee,

Decha